Kulala gesti ya barabarani mjini Mkoani, Pemba: uzoefu wangu

Gesti yenyewe iko kandokando ya barabara ya Chake Chake–Mkoani, nje kidogo ya mji, mwendo mfupi wa bodaboda hadi bandarini. Ni tawi moja kati ya kadhaa za mwenyewe mmoja: rangi ya ukuta ile ile, shuka zile zile, bei imebandikwa kaunta. Kwa anayewahi boti ya asubuhi kwenda Unguja, inafaa. Anayetaka kukaa siku mbili tatu na watoto atafute kwingine, na sababu ni maji.

Tangi ni moja, lita 1,000, juu ya mnara wa kama mita 3. Vyumba ni 10. Watu wawili kila chumba, kila mmoja lita 50 za kuoga na choo, tangi limekwisha kwa siku moja. Pampu ya kulijaza ni ya umeme, kwa hiyo umeme ukikatika usiku na gesti imejaa, asubuhi bomba linatoa pumzi tu. Jioni jaza ndoo ya lita 20 kabla ya kulala, hata kama maji yanatoka vizuri.

Kuhusu maji ya moto kukatikakatika, kosa si la hita. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa presha ya baa 0.1 tu, na kutoka tangini hadi kwenye shawa tofauti haifiki mita 2. Hita zao ni zile za kuchemsha maji papo hapo kwenye shawa, na hujiwasha pale tu maji yanapopita kwa nguvu. Jirani akifungua koki, yako inajizima katikati ya povu. Nusu ya tatizo ni matundu ya shawa kuziba. Waombe waifungue na wazibue kwa sindano, kazi ya dakika kumi, utaona tofauti. Dawa hasa ni kuinua mnara au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha, na hilo ni la mwenye nyumba.

Hita na kiyoyozi viko kwenye laini moja, swichi ya kinga ya ampea 16. Hita ya wati 3,500 peke yake inavuta kama ampea 15. Ukiwasha vyote viwili, chumba kizima kinazima, na kijana wa mapokezi atakwambia ni umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, umekatika. Si ZECO. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali si ile ya enzi za majenereta ya Wesha. Zima kiyoyozi, oga, kisha washa. Jengo zima likiwa giza na nyumba za jirani zinawaka, basi uniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) zimekwisha, kagonge kaunta.

Chumba omba cha nyuma. Vya mbele vinapokea honi za daladala za njia ya 603 tangu alfajiri. Vya nyuma vinatazama mikarafuu, na msimu wa kuanika harufu inaingia hadi kwenye foronya (wapo inaowaumiza kichwa, mimi naipenda). Msimu huo usije bila kupiga simu: wenye mashamba wanaoishi Unguja hurudi kusimamia uchumaji na vyumba hujaa.

Godoro gumu, zuri. Chandarua ndiyo kasoro: ni cha duara, chembamba kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, kinagusa kiwiko na miguu, na mbu anauma kwa nje. Vya mraba wanavyo stoo, ila hawavitoi mpaka uombe. Kichomeke chini ya godoro pande zote nne.

Chai ni kuanzia saa moja: chapati, mayai, chai ya maziwa. Mwenye boti ya mapema awaambie usiku, watamfungia boflo (mkate) na mayai. Chapati zao ni nzuri kuliko za mahoteli makubwa, nasema kweli.

Mapokezi wanataka kitambulisho, ZanID au cha NIDA, na mume na mke huulizwa hati ya ndoa, hata picha yake kwenye simu inakubaliwa. Dai risiti ya ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar) wakati wa kulipa, si asubuhi, kwani anayefungua kaunta alfajiri hana mashine.

Na kabla hujalipia chumba, isome tiketi ya boti vizuri. Kama imeandikwa Wete, gesti hii haikufai hata kidogo: Wete iko kaskazini, utavuka karibu Pemba nzima, na kwa daladala za alfajiri huenda usiiwahi boti.