Siku tatu katika hoteli ya watu wazima ng'ambo ya Mbita

Mama mkwe alitaka kujua ni hoteli ya namna gani inayokataa watoto. Tulikuwa tumesimama kwake Ahero kumwachia wajukuu watatu, kila mmoja na begi lake, na mume wangu alikuwa ameshamweleza mara mbili kwamba kisiwani tunakokwenda hawapokei mgeni aliye chini ya miaka 16. "Sasa wanampokea nani?" akauliza. "Wenye watoto ndio wanaochoka." Sikuwa na jibu la haraka, nikaingia garini, lakini katika siku tatu tulizokaa huko swali lake lilinirudia zaidi ya mara moja, kwa sababu hoteli yenyewe nayo haijaamua sawasawa inampokea nani.

Jina lake sitalitaja. Meneja alizisikiliza lawama zangu ana kwa ana bila kukunja uso na akaahidi kurekebisha mambo, nami nimeona ni haki kumpa muda. Itoshe kusema kwamba iko katika kimoja cha visiwa vya Ziwa Victoria vinavyoonekana mtu akisimama ufukweni Mbita, ina vyumba vinane tu, na kwamba tulilipa shilingi 38,000 kwa usiku mmoja kwa watu wawili, milo yote mitatu ikiwemo na vinywaji vikihesabiwa kando.

Kutoka Kisumu tulipita Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, safari ya saa tatu hivi kwa dereva asiye na pupa. Wapo wanaopendelea kupitia Bondo na kuvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno, lakini njia hiyo humfunga msafiri kwenye ratiba ya feri. Hoteli inawataka wageni wawe Mbita kabla ya saa sita mchana, na sharti hilo, ambalo mwanzoni niliona ni la usumbufu, lina maana: alasiri upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mawimbi huanza kuupiga ubavu wa boti. Nahodha alikataa kuwasha injini mpaka mume wangu afunge kamba zote za jaketi la kuokolea maisha. Sisi tuliolelewa kando ya Nam Lolwe, kama ziwa hili linavyoitwa kwa Kijaluo, tuna kiburi nalo, hivyo nilifurahi kumwona mtu mzima akifungwa jaketi kama mtoto wa chekechea.

Chumba kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Kila chumba ni nyumba ya peke yake iliyoezekwa kwa makuti, imefichwa kwa miti kiasi kwamba jirani humwoni wala humsikii. Kitanda ni kipana na magodoro hayajabonyea, chandarua hakina tundu hata moja, na maji ya moto yanayotokana na sola yalipatikana asubuhi na jioni, ingawa baada ya saa mbili usiku yalitiririka kwa unyonge. Kilichonishangaza ni mapambo. Mlango umechongwa kwa nakshi za Lamu, kuta zimepakwa chokaa nyeupe kama za Mji Mkongwe, na juu ya kitanda imetundikwa picha ya jahazi katika bahari ya kijani. Hatua chache kutoka hapo, mchangani, zilikuwa zimelala mashua za wavuvi wenyeji, zenye pua ndefu, zimepakwa rangi nyekundu, njano na buluu, na ubavuni mwake yameandikwa majina ya akina mama na maneno ya sala. Hakuna hata picha moja ya mashua hizo ndani ya hoteli nzima. Aliyeijenga alikuwa na bahari kichwani, akalazimika kuridhika na ziwa.

Ufuo wenyewe ni wa kupendeza kweli: mchanga mweupe, minazi, na maji yanayobadilika rangi kila saa. Upande wa kusini kuna ngazi za mawe zinazoshuka na kuishia majini, na nilipouliza zinaelekea wapi nikaambiwa zilikuwa zikishuka kwenye ufuo wa zamani, uliomezwa mwaka 2020 ziwa lilipopanda na kupita hata kiwango lililofikia mwaka 1964. Wameziacha zilivyo, na naona wamefanya vyema.

Hapa ndipo nina lawama nzito. Picha za hoteli katika mtandao zinaonyesha wageni wamezama ziwani hadi mabegani, glasi mkononi, wakicheka. Hakuna mahali popote, si katika picha hizo wala katika kijitabu kilichowekwa chumbani, palipotajwa kichocho. Mtu wa Mombasa au wa Nairobi hana sababu ya kujua kwamba katika maji yaliyotulia ya pembeni, hasa penye matete na magugu, huishi konokono wanaobeba vimelea wa ugonjwa huo, na kwamba vimelea hao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini bila yeye kuhisi chochote. Nilipouliza mapokezi, binti aliyekuwa zamu alinijibu kwa upole, "Hapa ni salama, Mama, mawimbi yanasafisha." Ni kweli kwamba ufuo wa mchanga unaopigwa na mawimbi una konokono wachache kuliko ghuba yenye matete, lakini wachache si sawa na kutokuwapo, na mwisho wa ufuo huo, mita mia mbili hivi kutoka vitandani pa kuotea jua, matete yamesimama marefu kuliko mimi. Meneja, nilipomfuata siku ya pili, hakuzungukazunguka: alikiri kwamba onyo linapaswa kuwekwa, na akasema yeye mwenyewe huoga bwawani tu. Nami nasema vivyo hivyo kwa atakayekwenda. Bwawa la kuogelea ni safi, limejengwa juu ya mwamba na linatazama ziwa lote. Aliyekwisha kuingia ziwani asifadhaike. Amweleze daktari ukweli, ajue pia kwamba dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo hutolewa baada ya wiki kadhaa wala si jioni ile ile. Hoteli inayotoza fedha hizi haikupaswa kuniachia mimi kazi ya kuyaandika haya.

Kuhusu viboko, kinyume chake, wako makini mno. Usiku hakuna mgeni anayetembea peke yake. Askari mwenye kurunzi humsindikiza kutoka mezani hadi mlangoni, na asubuhi nyayo zilizokuwa kwenye majani mbele ya chumba chetu zilinihakikishia kwamba huo haukuwa mchezo wa kuwafurahisha watalii.

Chakula cha jioni ya kwanza kilinikera. Menyu ilikuwa na kamba wa kuchoma, kambakoche wa siagi na pweza wa nazi, vyote vimesafirishwa vikiwa vimegandishwa kutoka Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kabla hata ya kuvuka maji. Niliagiza kamba, wakaja watano, wamekauka, wakiwa na ladha ya friji. Taarabu ilikuwa ikilia kwenye spika. Naipenda taarabu, lakini kuisikiliza hapa Suba, eneo la visiwa hivi, mbele ya kamba wa aina ile, kulinifanya nijihisi mgeni kwetu. Mume wangu aliyeagiza kuku alikula kimya kimya na kwa heshima, jambo ambalo kwa anayemjua ni malalamiko makubwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda jikoni, nikamwuliza mpishi anapokuwa nyumbani hula nini. Alicheka. Kwao ni kisiwa cha Mfangano, akaniambia, na ngege, yaani perege, za wafanyakazi zilikuwa zimefika dakika kumi zilizopita, mbichi, wavuvi wakiwa bado wanakunywa chai nyuma ya stoo. Nikamwomba atupikie za wafanyakazi. Jioni ile alituletea samaki wawili wazima waliokatwakatwa mbavuni, wakakaangwa mpaka ngozi ikawa kavu, kisha wakatiwa katika mchuzi wa nyanya, vitunguu na dania na kuachwa humo kwa muda mfupi tu, ili mchuzi uingie bila nyama kulegea. Kando yake kulikuwa na ugali wa mtama, mweusi na moto, na osuga, yaani mnavu, iliyolazwa katika maziwa hadi uchungu wake ukabaki kama kumbukumbu. Nimekula ngege wa Dunga, ufuo wa wavuvi kule Kisumu, maisha yangu yote na siwezi kusema wa huyu kijana walikuwa chini yao. Mhudumu alikuwa ametupangia visu vya samaki na uma, akasita, akavitazama, akaviondoa, akarudi na birika na karai la kunawia. Meza mbili za jirani ziliuliza tumeagiza nini kisichokuwamo katika menyu, na usiku wa tatu nusu ya wageni walikula ngege. Kamba sijui walikwenda wapi.

Tulikuwa tumekwenda mwezi wa Agosti, na bila kupanga tuliangukia siku za giza la mwezi. Baada ya baa kufungwa saa nne, askari aliyekuwa akitusindikiza alisimama akatuuliza kama tungependa kuziona taa. Alitupeleka mpaka mwisho wa gati. Mbele yetu, mahali ambapo mchana hapakuwa na kitu ila maji, palikuwa na mji: mamia ya taa zimetandazwa hadi upeo wa macho, nyingine zikipanda na kushuka polepole, nyingine zimejikusanya kama soko. Hao ni wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, ambao hutega taa juu ya maji usiku usio na mwezi ili samaki waifuate nuru, kisha huzungushia wavu. Zamani zilikuwa karabai. Askari alisema siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua, ndiyo maana weupe wake ni mkali. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, kwa hiyo tulikuwa tunaona wiki za mwanzo za watu waliorudi kazini. Tulisimama pale karibu saa nzima. Katika kijitabu cha chumbani kuna ukurasa mzima wa kukandwa kwa mafuta ya nazi, na kuhusu taa hizi hakuna hata mstari.

Atakayezifuata taa ajue kwamba siku hizo hizo za mwezi kuandama ndipo vijidudu vya ziwani huibuka, wakipanda kutoka majini kama nguzo za moshi na kusukumwa na upepo hadi nchi kavu. Hawaumi, lakini huingia machoni na katika chai. Wahudumu walizima taa za veranda mapema na kufunika vyombo, na tatizo likaishia hapo.

Na utulivu, ambao ndio hasa tulioulipia? Upo, na ni mzito. Kuna nyakati za mchana nilimsikia tai mla samaki akilia kutoka ng'ambo ya ghuba. Lakini kijiji kiko jirani, shule zilikuwa zimefungwa, na watoto wa kijiji walicheza mpira mchangani kila alasiri, huku mama zao wakianika omena juu ya nyavu kuukuu. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alikwenda kulalamika kwamba aliahidiwa mahali pasipo watoto, na tena kuna harufu. Nilikuwa karibu nikasikia jibu la meneja: kwamba ahadi ya hoteli inaishia kwenye ua wake, kwamba ziwa ni mali ya umma kama inavyosema Katiba ya 2010, na kwamba akipenda atahamishiwa chumba cha upande wa mwamba bila malipo ya ziada. Yule bwana akahamia. Kwa jibu hilo niliisamehe hoteli mambo mengi, pamoja na picha ya jahazi.

Wahudumu kwa jumla ni wa kusifiwa. Ni wakazi wa visiwa hivi, wanamwita kila mtu Mama au Mzee bila unyenyekevu wa kuigiza, na hawajitokezi mpaka watafutwe. Kukandwa nilikujaribu mara moja, kwa shilingi 4,500. Hakukuwa na cha ajabu. Intaneti hupatikana mapokezi peke yake, na hilo sikulihesabu kuwa kasoro.

Kwa wanandoa wa Kisumu, Kakamega au Eldoret wanaotaka kulala usingizi wa kweli bila kupanda ndege hadi Diani, ningeshauri usiku mbili, si tatu, katika siku za giza la mwezi kati ya Agosti na Machi; waoge bwawani, na waagize chakula jikoni kwa mdomo kabla ya saa nne asubuhi. Anayetaka bahari aende baharini.

Tulipokuwa tukiondoka, hesabu yetu ilikuwa na shilingi 3,000 za boti, ambayo katika uthibitisho wa nafasi iliandikwa kuwa ni bure. Tulilipa kwa sababu nahodha alikuwa ameshawasha injini na upepo ulikuwa njiani, nikamtumia meneja ujumbe tukiwa katikati ya maji. Fedha zilirudi kwa M-Pesa kabla hatujafika Homa Bay.