Mbwa Anayeharisha Zaidi ya Wiki 3: Tathmini ya Huduma ya Uchunguzi Tabora Mjini

Maduka ya dawa za mifugo Tabora hayakosi sindano ya "kufunga tumbo". Kliniki binafsi ya wanyama tunayoitathmini hapa imechagua njia ndefu: mbwa anachunguzwa hatua kwa hatua, na mteja analipia kila kipimo peke yake. Kwa ugonjwa sugu wa utumbo njia hiyo ndiyo sahihi. Ina mapengo, na moja ni kubwa.

Mahojiano ni mazuri kuliko vifaa. Swali la kwanza ni muda, kwa kuwa kuharisha kwa siku chache mara nyingi huisha kwenyewe, na kuanzia wiki 3 ndipo huitwa sugu. Kisha mwenye mbwa anaulizwa mambo ambayo wengi hawajawahi kuyaangalia. Kinyesi kingi, mara 2 au 3 kwa siku, kwa mbwa anayekonda huku anakula, huelekeza kwenye utumbo mwembamba. Kinyesi kidogo kidogo, mara 6 au zaidi, chenye ute au damu mbichi, mbwa akijikamua, huelekeza kwenye utumbo mpana. Majibu yanaandikwa kwenye kadi: hamu ya kula, uchangamfu, kutapika, hali ya kinyesi, idadi ya kwenda haja na kupungua uzito, kila kimoja alama 0 hadi 3, jumla isizidi 18. Kadi hiyo inamaliza ubishi wa "naona ana nafuu" katika ziara inayofuata. Mzani nao unatumika kila mara, jambo jema, maana kwa jicho kilo 2 hazionekani chini ya manyoya.

Kwenye kinyesi ndipo maabara yao inapopwaya. Wanaomba sampuli 3 ndani ya siku 3 hadi 5, na wako sahihi, kwani Giadia, kimelea kidogo cha utumbo, hatoki kila siku. Lakini wanaelesha mayai kwa maji ya chumvi iliyokolea, bila kuzungusha kwa mashine. Chumvi inaonyesha safura na minyoo mviringo vizuri, ila vifuko vya Giadia hunywea humo, na mtazamaji wa hadubini haoni kitu cha kutambulika. Kinachotakiwa ni zinki salfeti yenye uzito mahususi wa 1.18, na sentrifuji, yaani ile mashine ya kuzungusha. Kwa hiyo jibu la "hakuna Giadia" kutoka hapa lisiaminiwe moja kwa moja. Bahati nzuri wanafidia kwa dawa: fenbendazoli miligramu 50 kwa kilo, mara moja kwa siku, siku 3 kwa minyoo na 5 pale Giadia anaposhukiwa. Hata kinyesi kikiwa safi wanaitoa, nasi tunaunga mkono, kwa sababu minyoo mjeledi huweza kumuumiza mbwa kabla haijaanza kutaga. Huchukua karibu miezi 3 mayai kuonekana. Angalieni chupa tu. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, hivyo mbwa wa kilo 20 anapata mililita 10. Ikiwa ni ya asilimia 2.5, mbwa huyohuyo anahitaji mililita 40. Wanaopima kwa mazoea ndio hurudi wakisema dawa haifanyi kazi.

Kipimo cha damu kimepangwa na mtu anayeijua Tabora. Kabla ya kulaumu utumbo, wanatafuta magonjwa ya kupe, na kwa mbwa anayetoka vijiji vya pori la miombo, upande wa Urambo, Kaliua au Sikonge, wanatafuta nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbwa mwenye nagana hukonda, huishiwa damu, na jicho linaweza kuwa na ukungu wa bluu. Akiharisha kidogo, watu huona kuharisha tu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapahapa Tabora, kwa hiyo kioo cha hadubini chenye damu yenye utata hakina haja ya kusafiri mbali.

Albumini, protini ya damu, inapimwa pia. Ikishuka chini ya gramu 20 kwa lita, ugonjwa umekuwa mzito: utumbo unavujisha protini, maji yanaweza kujaa tumboni, na haifai kusubirisha wiki. Homoni ya kotisoli hupelekwa maabara ya binadamu, na hilo linakubalika. Ikizidi nanomoli 55 kwa lita, ugonjwa wa Addison, yaani upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo, unaondolewa kwenye orodha. Kwa kongosho, hata hivyo, bado wanatumia mtindo wa zamani wa kuweka kinyesi juu ya filamu ya eksirei kuona kama itameng'enywa. Kipimo hicho tuliona bora kiachwe kabisa. Kinachoaminika ni TLI ya mbwa, kipimo cha damu cha kimeng'enya cha kongosho; damu ichukuliwe baada ya saa 12 bila chakula, na kitendanishi cha binadamu hakifai. Mwenye mbwa wa aina ya German Shepherd anayekula sana, anakonda na kutoa kinyesi kingi cha rangi hafifu aing'ang'anie TLI, hata kama seramu italazimika kusafirishwa.

Ultrasaundi ndiyo inayovuta wateja, nayo ndiyo inayosaidia kidogo kuliko wanavyodhani. Inafaa kuona uvimbe, utumbo ulioingia ndani ya utumbo, au ukuta uliopoteza tabaka zake. Utumbo wenye inflamesheni ya kawaida, yaani mwasho wa ukuta wake, unaweza kuonekana mzima. Kama fedha ni chache, zianze kwenye albumini.

Sasa pengo kubwa: chakula. Zaidi ya nusu ya mbwa wenye kuharisha sugu, minyoo ikishaondolewa, hupata nafuu kwa kubadilishiwa chakula peke yake. Jaribio hilo linahitaji wiki 2 kamili. Hapa wanatoa siku 5, halafu prednisoloni, dawa ya steroidi. Dawa hiyo ikitangulia, inaweza kuificha saratani ya limfu kwa wiki kadhaa na kuharibu majibu ya kinyama cha utumbo kitakachokatwa baadaye kwa uchunguzi. Mteja ana haki ya kusema, "Daktari, tumalize kwanza wiki 2 za chakula."

Karatasi yao ya chakula nayo inashauri samaki, kana kwamba dagaa wa Kigoma hawajafika Tabora. Mbwa wengi wa mjini wamekulia ugali, dagaa na matumbo ya ng'ombe, kwa hiyo vitu hivyo vitatu ndivyo vya kuepuka. Chagueni nyama ambayo hajawahi kuila, sungura au bata, ichemshwe bila mifupa, pamoja na viazi vitamu; hata matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yanafaa. Hakuna mabaki ya mezani, hakuna kidonge kilichofichwa kwenye nyama ya ng'ombe, na watoto wa nyumbani waambiwe. Mbwa mdogo anayekua asiachwe kwenye mlo huu zaidi ya wiki hizo, kwani hauna kalsiamu ya kutosha.

Metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, wanaitoa kwa uchache, tofauti na maduka mengi. Heko kwao, kwa kuwa huvuruga bakteria wa utumbo na kinyesi hulegea tena ikikoma.

Kukata kinyama hawafanyi. Wanatoa rufaa, na wanasema hivyo wazi. Mbwa akifikia hapo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiyo ya kuulizia kwanza. Albumini ikiwa chini sana, mshono wa utumbo unaweza kuachia, hivyo majibu ya damu yabebwe. Sampuli ikikatwa kwingine na kutumwa, iwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama, chupa yenye mdomo mpana.

Kwa ujumla tunawapa 3 kati ya 5. Mkienda, bebeni sampuli ya kinyesi kilichotoka siku hiyohiyo, kilichochotwa juu bila kugusa udongo, orodha ya kila anachokula mbwa, na majina ya dawa alizokwisha kupewa. Asubuhi asile, mkijua damu itachukuliwa.