Tathmini: Kamusi ya Fowler na umbo la kimilikishi kabla ya kitenzi-jina

Mhariri, mfasiri au mwalimu anayefanya kazi kwa Kiingereza anaweza kuinunua "A Dictionary of Modern English Usage" ya H. W. Fowler kwa ajili ya kidahizo (ingizo la kamusi) kimoja tu, nacho ni kile kinachojadili kama tuandike "his leaving" au "him leaving". Nakala ninayoitathmini ni ile ya toleo la kwanza la mwaka 1926, iliyochapishwa upya na Oxford mwaka 2009 pamoja na utangulizi wa mwanaisimu David Crystal.

Fowler anashikilia kwamba neno lenye "-ing" likishatumika kama jina, mtenda wake sharti awe katika umbo la kimilikishi, yaani umbo la kuonyesha mwenye kitu, kama "his" au jina lenye 's. Hoja yake ni nzito. Tukiandika "The teacher's arriving late annoyed us", kilichotuudhi ni kule kuchelewa. Tukiiondoa alama ya umilikishi, msomaji hajui tena kama tuliudhiwa na tendo au na mwalimu mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili ataielewa hoja hii haraka kuliko wengi, kwa kuwa lugha yetu hairuhusu utata huo: katika "kuchelewa kwa mwalimu kulituudhi" upatanisho wa ku- unaonyesha kwamba linalozungumziwa ni tendo, na katika "mwalimu aliyechelewa alituudhi" kiambishi a- kinamrudia mtu. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, na ndiyo sababu alama ile ndogo inabeba mzigo mkubwa. Sijaona kitabu kingine kinacholieleza jambo hili kwa ukali wa fikra kama huu.

Kasoro yake ni kwamba Fowler aligeuza hoja nzuri kuwa katazo lisilo na mlango wa kutokea. Nani ataandika "the chance of anything's happening"? Na katika "the idea of children from three villages sharing one well", alama hiyo itabandikwa wapi? Jibu lake ni kwamba sentensi iandikwe upya, jambo ambalo mara nyingi huifanya iwe ndefu na nzito bila faida. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alimpinga mwaka huohuo wa 1926 kwa kuonyesha kwamba waandishi wanaoheshimika walikuwa wamelitumia umbo lililokatazwa kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu Jespersen alishinda. Toleo la kamusi hii lililohaririwa na R. W. Burchfield mwaka 1996 lililegeza msimamo huo.

Kwa hiyo ninapohariri maandishi rasmi, nadai kimilikishi panapokuwa na kiwakilishi au jina la mtu, hasa mwanzoni mwa sentensi, na ninaacha umbo la kawaida panapokuwa na kirai kirefu, jina dhahania au neno kama "anything".

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani asianze na kamusi hii, kwani haina mazoezi na mtindo wake ni wa kumhukumu mwandishi kuliko kumfundisha. Huyo atafaidika zaidi na "Practical English Usage" ya Michael Swan, inayokubali maumbo yote mawili na kueleza lipi ni rasmi zaidi.