Kindle Paperwhite na vitabu vya likizo: kitufe kimoja tu ndo kimenifanya nirekodi hii video

Mambo vipi wadau, wakubwa shikamooni, karibuni tena. Leo siweki mwanzo mrefu maana nina hamu ya kuwaonesha kitu na nikianza stori nyingi najua nusu yenu mnaondoka. Hii niliyoshika ni Kindle Paperwhite, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kidijitali, ile iliyotoka 2024, na kabla hamjaniandikia kwenye komenti, ndio, skrini inchi saba, ndio, wino wa kielektroniki, ndio, chaji inakaa wiki kadhaa, hayo mnayajua na wachambuzi wa vifaa wameshayasema mpaka basi. Mi nataka tuongee kuhusu kitu kimoja ambacho hawakigusi kabisa, kile kitufe kidogo pembeni ya kitufe cha kununua, kinachokuletea sampuli ya kitabu bure. Mi nakiita kionjo. Na nawaambia ukweli wangu, hicho kionjo ndo kimeniokolea likizo.

Iko hivi. Miaka yote nilikuwa nachagua vitabu vya likizo kwa macho. Naona kava kali, naona watu wanakisifia, nabeba. Likizo moja nilibeba vitano vya karatasi, begi zito, nikarudi nimesoma kurasa kama arobaini za kimoja, vingine hata sikuvifungua. Na iliniuma sana, kwa sababu mtu ukifanya kazi mwaka mzima unasubiri zile siku chache upate utulivu usome, halafu unakuta ulichobeba hakikushiki, na hapo ulipo huwezi kwenda kubadilisha. Kitabu kizuri unacho nyumbani, kibaya unacho mkononi. Inaudhi.

Sasa angalieni hapa, nasogeza kamera. Naingia dukani, natafuta kitabu, tuseme hii riwaya, jina naliziba na kidole maana sitaki mtu aseme nimelipwa. Mnaona, hapa kununua, hapa sampuli. Nagusa sampuli, nahesabu, moja, mbili, tatu... imeshaingia. Narudi kwenye maktaba yangu, ile pale, kava yake ina utepe umeandikwa ni sampuli ili usichanganye na vitabu ulivyonunua. Kwa kawaida unapata kama asilimia 10 ya kitabu kizima. Yaani kitabu cha kurasa 300 unapewa kama 30, hizo sio chache jamani, kurasa 30 mwandishi ameshakuonesha kama anajua kazi yake au hajui.

Na oneni kitu kingine ambacho sikukitegemea. Kwa sababu skrini ni nyeusi na nyeupe, kava zote zinafanana, zote zimepauka. Zile rangi zilizokuwa zinanidanganya mi hazipo tena, kinachobaki ni maneno. Najua sasa hivi kuna zenye rangi, Amazon wenyewe walitoa Colorsoft 2024, Kobo, wapinzani wao wanaotengeneza vifaa kama hivi, nao wanazo, na mwanzo nilikuwa naitamani ile ya rangi, ila kwa kuchagua riwaya wacha nibaki na hii, kwa katuni na vitabu vya mapishi hapo sawa, nenda na rangi.

Twende kwenye namna ninavyofanya maana hapa ndo penyewe. Wiki mbili kabla ya safari nashusha vionjo kumi au kumi na mbili kwa mpigo, sichagui sana, kila kitabu nilichosikia kinatajwa nakivuta. Halafu kila usiku nasoma kimoja, na nasoma nikiwa NIMECHOKA, hilo ni muhimu, msinielewe vibaya. Ukisoma asubuhi ukiwa na akili mpya kila kitabu kigumu kitaonekana kizuri, utajisifu, utakinunua, halafu ukifika likizo kichwa kimelegea kitabu kinakushinda. Kwahiyo nikipime nikiwa kwenye hali ileile nitakayokuwa nayo kule. Kama ukurasa wa tano nimeshaanza kushika simu, nakifuta palepale bila huruma. Kama nimefika mwisho wa kionjo na kimekatika nikakasirika, hicho ndo cha kununua. Hii riwaya niliyowaonesha nilionja kionjo chake jana usiku (hapa nimekishusha upya ili muone), kuna mama anarudi nyumbani kwake baada ya miaka mingi anakuta kufuli imebadilishwa, anainua mkono agonge mlango, na kionjo kikaishia hapohapo. Nimelala nimenuna, nawaambia.

Ila kionjo kina mapungufu yake, na hayapo huku tu, yapo kwenye maduka mengi ya vitabu vya kidijitali. Asilimia 10 inahesabiwa tangu mwanzo wa kitabu. Sasa kuna vitabu vya historia na siasa mbele vimejaa shukrani, orodha ya ramani, dibaji ya mtu mwingine, utangulizi wa mwandishi, ukija kustuka kionjo kimeisha na sura ya kwanza hujaiona hata mstari. Hapo hujaonja chochote, umeonja foleni. Mkusanyiko wa hadithi fupi nao ni shida, unaweza kupewa hadithi moja tu na wahariri wengi huwa wanatanguliza ile kali, kwahiyo hujui zilizobaki. Mashairi ndo usiseme. Kwa aina hizo tatu mi nasogeza macho hadi kwenye yaliyomo, naangalia mada zilivyopangwa, halafu natafuta kuona ndani kwa njia nyingine, kwa rafiki au maktaba.

Nikitaja maktaba nimkumbuke mpinzani, maana kuna watu wa Kobo humu hawanipi raha. Sawa, nakubali, Kobo wana kitu kizuri, kwenye vifaa vyao vingi unaunganisha kadi ya maktaba kupitia OverDrive, mfumo wa maktaba wa kuazimisha vitabu vya kidijitali, na unaazima kitabu ukiwa umekaa, kama maktaba yenu iko kwenye huo mfumo. Na Kobo inafungua EPUB, aina ya faili za vitabu vya kidijitali inayotumika sana, moja kwa moja. Hata hii yangu EPUB inapokea, tangu 2022, ila lazima uitume kwa njia yao ya Send to Kindle kwanza, sio unachomeka waya tu unakopi. Halafu Kobo Libra ina vitufe vya pembeni vya kugeuzia ukurasa, mi navipenda vile vitufe kuliko kugusa skrini, hasa ukiwa umelala ubavu mkono mmoja uko chini ya mto... lakini turudi, nitafanya video ya hiyo peke yake. Nachotaka kusema kuhusu kuazima ni hiki: angalia muda. Mara nyingi ni siku 7, 14 au 21, ukiazima wiki moja kabla ya safari kitabu kinajirudisha chenyewe wakati we uko katikati ya sura. Azima siku ya mwisho mwisho.

Sasa idadi, maana hapa watu wengi tunakosea. Mnabeba vitabu sita kwa siku saba, mnasoma saa ngapi? Nimejipima na saa, mi nasoma kama maneno 200 kwa dakika kwa riwaya ya kawaida. Riwaya ya maneno 80,000 inanichukua dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Kwenye likizo, nikitoa kulala, kutembea, kuogelea, watoto, stori na ndugu, nimegundua nasoma saa moja na nusu kwa siku nikibahatika. Siku saba ni saa kumi na nusu. Kitabu kimoja na nusu basi! Sasa sita vya nini? Na kwenye kifaa ndo balaa zaidi kwa sababu kinabeba maelfu, unafungua maktaba unaona vitabu mia mbili unaanza kuzungukazunguka, dakika ishirini zimeenda hujasoma. Mi nimetengeneza folda inaitwa LIKIZO, ndani vitatu tu, vingine nimeviondoa kwenye kifaa kabisa vimebaki kwenye akaunti.

Vitatu hivyo nimevigawa hivi. Kimoja cha mbio, riwaya ya upelelezi au ya mapenzi, kile ambacho hata ukikatizwa mara kumi unarudi unajua ulipoishia. Cha pili ni kizito kidogo cha asubuhi kabla wengine hawajaamka. Cha tatu ni cha vipande vifupi, insha au hadithi fupi, cha kwenye foleni na kusubiri usafiri. Basi. Na kile kitabu cha kuijua sehemu unayokwenda, historia yake, watu wake, hicho usikipeleke likizo, kisome KABLA. Nyumbani, mezani, na kalamu. Kwanza vile vitabu vina ramani na picha, na ramani kwenye hii skrini ni mateso, angalia hapa navuta kuikuza, inawakawaka, inasubiri, majina ya miji huyaoni. Pili raha yake ni kufika pale ukiwa tayari unajua, unapita kwenye jengo unasema aah kumbe ndo hili. Ukisoma ukiwa umesharudi unaanza kujuta ulipita bila kuangalia.

Kuna kitu nikisahau mtanilaumu. Kifaa changu cha zamani, kampuni siitaji, kiliniletea kava zote kwenye skrini nikajua vitabu vimo, kumbe ni picha tu, vitabu vyenyewe havijashuka. Nimefika mahali hakuna mtandao nagusa kinaniambia unganisha wifi. Siku nne. Sijawahi kuudhika vile. Kwahiyo kabla ya kutoka nyumbani fanya hivi, angalieni: unawasha hali ya ndege, mtandao wote unakatika, halafu unafungua kitabu kimojakimoja, unaruka hadi katikati, unaona maneno, sawa, kinachofuata. Hapa kwenye hii kuna alama ya tiki kwenye kava ikiwa kimeshuka, ila usiiamini tiki peke yake, fungua. Dakika mbili tu.

Na maji, najua mnasubiri. Hii imepimwa kukaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita 2 kwa dakika 60. Kwenye maji ya bahari vipimo vyao ni sentimita 25 kwa dakika 3. Mmesikia tofauti? Dakika tatu! Kwahiyo bwawani poa, ufukweni ikilowa suuza na maji safi na uache ikauke vizuri kabla ya kuchaji. Jua lenyewe kusomea halina shida, skrini inarudisha mwanga kama karatasi inavyofanya, jua likizidi maandishi ndo yanakolea, sio kama simu inayoshindana na jua na kushindwa. Ila usiiache ikichomwa juu ya taulo ukaenda kuogelea, wenyewe wanasema itumike mpaka nyuzi joto 35, na kitu kilicholala juani kinapita hapo haraka sana.

Bei sitaji, inapanda inashuka kila msimu na kuna toleo la nafuu linalokuja na matangazo kwenye skrini ikiwa imelala. Mi ningeongeza hela nichukue lisilo na tangazo, maana lengo letu hapa ni kuchagua kwa kuonja, sasa uletewe kitabu cha tangazo kila ukikiamsha kifaa ya nini? Na kama hela ya kifaa haipo, msikie vizuri, vionjo vinafanya kazi hata kwenye programu yao ya simu, bure. Na vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki imekwisha viko Project Gutenberg, mradi wa tangu 1971, zaidi ya vitabu 70,000, vingi vya Kiingereza lakini. Vya Kiswahili kwenye haya maduka bado ni vichache, hilo linaniumiza, kwahiyo mi pamoja na sifa zote hizi bado nabeba kimoja cha karatasi, cha Kiswahili, chembamba. Mwanzo wa video ningewaambia karatasi basi, ila nikifikiria, hapana, kile kimoja nakihitaji. Na hicho nacho nakionja, nasimama dukani nasoma kurasa kumi za mwanzo, wauzaji wananizoea.

Tangazo la chaneli, video sasa zitakuwa Jumapili jioni, sio Ijumaa tena, na maiki mpya nimeipata, niambieni kwenye komenti sauti ikoje. Na niandikieni vionjo gani vimewakatikia pabaya, nitavishusha vyote.

Mi naondoka keshokutwa kwahiyo ngoja nimalizie mbele yenu. Ile riwaya. Nagusa kununua... imeingia. Tiki ile pale. Hali ya ndege, naiwasha. Nafungua, natafuta pale mlangoni... nimepaona. Kagonga. Anafungua mtoto. Haa! Haya wadau, tuonane Jumapili, mi naendelea hapa.