Mkwaruzo au bodi kubonyea kidogo: njia za kuchagua, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Rangi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani ni imara kuliko yoyote utakayoinunua baadaye. Praima yake, yaani tabaka la kwanza chini ya rangi, hupakwa kwa kuzamisha bodi nzima kwenye dimbwi la kemikali lenye umeme, kisha bodi huokwa kabla ya kufungwa viti, nyaya na plastiki. Gereji haiwezi kurudia kazi hiyo. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja: njia inayobakiza rangi nyingi ya kiwandani inatangulia. Mng'ao wa siku ya kwanza haukuhesabiwa sana, kwa sababu siku hiyo hata kazi mbovu hung'aa.

Kabla ya kutoa pesa, osha sehemu hiyo ikauke, halafu imwagie maji. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umeishia kwenye klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linaloleta mng'ao. Pitisha ukucha kwa kuukingama: ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na polishi peke yake huenda isiutoe. Rangi ya kijivu au nyeupe inayoonekana ndani mara nyingi ni praima. Kinachometameta ni bati tupu. Kahawia maana yake kutu imeshaanza, na hapo usichelewe.

1. Kampaundi na polishi

Alama nyingi za maegesho zinazotisha si mikwaruzo yako hata kidogo, ni rangi ya gari au ukuta wa mwenzako iliyobaki juu ya klia. Kampaundi, dawa nzito ya kusugulia inayokwangua kidogo, inaitoa. Fanya eneo dogo, kama sentimita 40 kwa 40, kivulini, bodi ikiwa baridi, kisha malizia na polishi. Mkwaruzo ukigoma, tumia msasa wa maji P2000, halafu P3000, ndipo kampaundi.

Klia kwa kawaida ina mikroni 35 hadi 50 tu, wembamba kuliko unywele, na kila ukisugua unapunguza. Kwenye kona na mikunjo ya bodi ni nyembamba zaidi. Bandika tepu ya karatasi hapo kabla ya kutumia mashine. Dawa za kufuta mikwaruzo zenye nta na mafuta mengi mara nyingi huziba tu. Osha gari mara kadhaa, mkwaruzo umerudi.

2. Kunyoosha bila kupiga rangi

Fundi husukuma bati kutoka ndani kwa vyuma maalumu, au hulivuta kutoka nje kwa gundi. Inafaa pale rangi haijapasuka na bonde ni la mviringo, kama la mlango uliogongwa na mlango mwingine au la mvua ya mawe. Haifai bati lililokunjika kwa ncha kali, maana huko limeshavutika, wala ukingoni kabisa. Kama sehemu hiyo iliwahi kujazwa fila, yaani udongo mgumu wa kusawazisha mabonde, rangi huenda ikapasuka. Pitisha sumaku laini: ikishika hafifu mahali pamoja kuliko kwingine, kuna fila chini. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye aluminiamu.

3. Kalamu au kichupa cha rangi

Hii ni kwa vidoa vya mawe na mikwaruzo iliyofika praima au bati. Nunua kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Usinunue kwa kuangalia kwa macho. Kwangua kutu yote, futa kwa spiriti, gusa praima, kisha weka rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likauke kwanza. Tone moja nene husinyaa na kuacha uvimbe. Itaonekana ukisogea karibu, lakini kutu itakuwa imezuiwa. Kwenye bampa la plastiki, ambalo halishiki kutu, kuacha kama lilivyo ni uamuzi halali kabisa.

4. Kupiga rangi upya kipande kimoja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Uliza mambo haya kabla ya kukubali bei.

Fila itakuwa nene kiasi gani? Bati linyooshwe kwanza, ili fila isizidi takriban milimita 3. Ikiwa nene itapasuka au kubanduka. Hadina yake, dawa ya kuigandisha, huwa kama asilimia 2 ya uzito. Ikizidi, doa huweza kujitokeza juu ya rangi baadaye. Ikipungua, fila haikauki na mistari ya msasa inachomoza baada ya wiki chache.

Rangi itafifishwa hadi kipande cha jirani? Kwa rangi za metaliki na lulu, kukata rangi ukingoni mwa mlango huacha tofauti inayoonekana juani, hata namba ikiwa sahihi. Kwa kawaida jirani hupata rangi kidogo na klia nzima.

Bampa litapakwa praima ya plastiki? Bila hiyo rangi hubanduka vipandevipande. Kama nyuma ya bampa kuna rada, fila na rangi nene mbele yake zinaweza kuvuruga usomaji. Fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Ukikabidhiwa gari, tazama mipira ya madirisha na taa. Vumbi la rangi hapo linaonyesha hakuna kilichofunguliwa, na rangi itaanza kuinuka kwenye kingo hizo. Usipake nta kwa takriban siku 30.

5. Kubadilisha kipande

Bampa lililopasuka kwenye vishikizo au fenda iliyojikunja haistahili fila. Kipande kilichotumika chenye namba ileile ya rangi kinaweza kufungwa bila kupakwa, ila rangi zake huenda zimepauka tofauti. Milango na fenda hufungwa kwa bolti. Kipande cha nyuma kilichochomelewa usikubali kikatwe kwa sababu ya bonde dogo.

Kuhusu bima, linganisha bei ya fundi na kiasi unachotakiwa kujilipia mwenyewe, pamoja na punguzo utakalopoteza ukidai. Kwa namba 1 hadi 3, mara nyingi kudai hakulipi.