Hexagonia au Trametes? Geuza kwanza upande wa chini

Kwenye magogo makavu ya vilima vya Bukavu, uyoga mgumu unaoota kama rafu hupigwa picha juu tu, kisha huitwa Trametes. Hapo ndipo Hexagonia, jenasi nyingine ya uyoga wa namna hiyo, hupotea bila kuandikwa. Kwa juu, zote mbili zinaweza kuwa nyembamba, zenye mistari ya duara, rangi isikuongoze.

Tazama chini. Trametes versicolor ina vitundu vidogo mno, 3 hadi 5 kwa milimita moja, na uso mweupe unaoelekea rangi ya maziwa. Vitundu vya Hexagonia ni vipana, vingi vina pembe sita kama sega la nyuki, unavihesabu bila lenzi. Sasa upasue: nyama ya Trametes ni nyeupe, ya Hexagonia ni ya kahawia, na tone la haidroksidi ya potasiamu huigeuza nyeusi. (Vaa glovu, dawa hiyo inaunguza.)

Unga wa spora (mbegu za uyoga) hausaidii, ni mweupe kwa zote mbili. Nami naamini zaidi kipande kilichokaushwa ndani ya bahasha ya karatasi, kikiandikwa jina la mti, kuliko picha kumi nzuri.