Uzoefu wangu: miaka mitano na DHIS2 kwenye hospitali yetu hapa Moshi

Mimi ni muuguzi, ila 2019 nilitolewa wodini nikapewa meza ya takwimu kwenye hospitali moja hapa Moshi, jina sitalitaja. Nimekaa hapo miaka mitano na zaidi, naona watu wanaulizia sana mifumo ya taarifa za hospitali, upi mzuri upi wa kuacha, nikaona niandike nilichokiona kwa macho yangu maana hii kazi naipenda kweli.

Kwa asiyeijua: DHIS2 ni mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za vituo vya afya. Vituo vyetu vinajaza vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), wagonjwa wa nje kitabu namba 5, wajawazito namba 6, leba namba 12, waliolazwa namba 14, mwezi ukiisha unajumlisha na ndani ya wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata ripoti iwe imeondoka mikononi mwako ili iingie DHIS2. Mfumo ni wa bure. Mizizi yake ni Afrika Kusini miaka ya 90, sasa unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na hapa nyumbani watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kubwa mno. Unafungua kwenye brauza tu, huhitaji kompyuta ya bei.

Sisi kabla ya hapo tuliuziwa mfumo wa kulipia na kampuni moja, rangi nzuri, dashibodi inapendeza, malipo ya wagonjwa unayaona hapo hapo, kwa upande wa hela siwezi kuusema vibaya. Shida ikaja kwenye ripoti, wao wameweka umri miaka 0 mpaka 5, halafu 6 mpaka 17, halafu watu wazima, wakati MTUHA inataka chini ya mwezi 1, mwezi 1 mpaka chini ya mwaka 1, mwaka 1 mpaka chini ya 5, 5 mpaka chini ya 60, na 60 kuendelea, sasa hapo unafanyaje? Unarudi kwenye kitabu unahesabu kwa kidole mstari kwa mstari mpaka saa 5 usiku. Nimefanya hivyo miezi 14. Ndugu yangu unayetaka kununua mfumo, kabla hujasaini chochote mwambie muuzaji akutolee ripoti ya MTUHA ya mwezi mmoja mbele ya macho yako, akianza kusema itakuja kwenye toleo lijalo funga mjadala.

Turudi DHIS2. Kitu nilichokipenda kwanza ni kwamba inakukagua. Kuna mwezi nimeingiza kina mama waliojifungua wengi kuliko watoto waliozaliwa, ikanigomea hapo hapo, na ni kweli haiwezekani, kila mama ana angalau mtoto 1, awe hai awe mfu, na wa pacha ana 2, kumbe mwenzangu wa leba aliruka ukurasa mzima. Kwa karatasi hilo kosa lingefika mkoani bila mtu kushtuka. Na grafu unatengeneza mwenyewe, unachagua kiashiria, kipindi, kituo, dakika 5 umemaliza, matroni wetu ambaye hata eksel hajawahi kuifungua sasa hivi anatengeneza za kwake.

Ila grafu nayo uijue kuisoma. Ukiona huduma imefikia asilimia 120 usishangilie. Idadi ya wanaotarajiwa inatoka kwenye makadirio ya sensa ya eneo lako, halafu Moshi mjini hapa wanakuja kina mama kutoka Rombo, Hai, Mwanga, wengine wamefuata dada zao wajifungulie huku, wote wanaandikwa kwetu, kwa hiyo kwenye hesabu ya asilimia juu unajaza watu wa wilaya nne na chini umeweka wa mtaa wako. Mimi hizo asilimia kwa ngazi ya kituo naziangalia kwa tahadhari sana, naamini zaidi namba zenyewe na mwenendo wake mwezi hadi mwezi.

Na ripoti ya mwezi ni jumla, haina sura ya mgonjwa. Mganga mfawidhi alitaka kujua kwa nini upasuaji wa kujifungua umepanda, kwa hilo Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri kugawa kina mama makundi 10 ya Robson, ila ili umweke mama kwenye kundi lake lazima ujue kama ndio uzazi wa kwanza, ana kovu la upasuaji wa uzazi uliopita, mimba ina wiki ngapi, mtoto amekaaje, uchungu ulianza wenyewe au alianzishiwa. Jumla haikuambii hayo. Nililazimika kurudi kwenye mafaili na eksel yangu, wiki mbili.

Sasa jambo lililonifanya niuheshimu huu mfumo. Watoto wanaozaliwa wafu wanaandikwa sehemu mbili, waliofia tumboni siku nyingi na waliofariki karibuni tu, wengi wao mama akiwa tayari kwenye uchungu, na hili la pili ndilo linasema leba yenu ikoje, maana mara nyingi mtoto aliingia hospitali moyo unadunda. Nilichora miezi 18 ya kwetu, mstari wa hao wa pili ni sifuri tupu. Sifuri miezi 18 kwenye hospitali inayopokea rufaa? Nilikaa naiangalia, sikulala vizuri siku ile. Nikaenda kwa matroni faragha nikamwambia mama hii sijaielewa, akanyamaza, akasema binti yangu wanaogopa kuulizwa.

Basi hakugomba na mtu. Aliwakusanya wakunga akawaambia atakayeandika kweli hataandikiwa barua, na mganga mfawidhi akasimama mbele yao akasema hivyo hivyo. Mwezi uliofuata safu ile ikasoma 2. Tukatoa patografu zote mbili mezani, zile karatasi za kufuatilia uchungu wa mama na mapigo ya moyo ya mtoto, tukasoma saa kwa saa, wote mapigo ya moyo yalianza kushuka usiku, daktari aliitwa kwa wakati, ila thieta, chumba cha upasuaji, ilichelewa kufunguka kwa sababu mtu wa kuandaa vifaa alikuwa analala kwake Himo na ilibidi afuatwe na gari. Tangu hapo ana kitanda chake humu ndani zamu za usiku.